Nani atakaa kwenye kiti? Namna watawala wa Serbia walivyorithishana, na namna walivyopotea



Kuna swali linalosumbua kila nyumba yenye mamlaka: mzee akiondoka, nani atakaa mahali pake? Tunalisikia mwami anapofariki. Tunalisikia familia inapogawana shamba la marehemu. Na tukisema kweli, kanisani pia linasikika. Leo tunapenda kulitazama mbali na kwetu, katika ufalme mmoja wa zamani wa Ulaya. Mambo ya mbali hayatuumizi, kwa hiyo tunaweza kuyaangalia bila hasira.

Ufalme huo ni Serbia. Uko kusini-mashariki mwa Ulaya, katika nchi ya milima inayoitwa Balkani. Wakati ule ulipakana na Hungaria upande wa kaskazini, na Bulgaria upande wa mashariki. Upande wa kusini ilikuwa milki ya Bizanti, ambayo mji wake mkuu ulikuwa Konstantinopoli. Waserbia walikuwa Wakristo wa Kanisa la Kiorthodoksi. Tangu mwaka 1196 mpaka 1459 kiti chao kilipita kwa watawala wengi, na mara nyingi kilipita kwa damu.

Wengi tunafikiri kwamba vita vya urithi huja kwa sababu mzee hakutaja mrithi. Historia ya Serbia inatuonyesha jambo lingine. Mara nyingi mrithi alitajwa, hata alivikwa taji baba akiwa hai. Kilichokosekana ni mapatano na wale ambao hawakuchaguliwa.

Baba mmoja, wana watatu

Mwanzilishi wa nyumba ile ya kifalme ni Stefan Nemanja, na wazao wake waliitwa Nemanjić. Mwaka 1196 alifanya jambo ambalo watawala wengi hawalifanyi: aliacha utawala akiwa hai, akawa mtawa, akachukua jina la Simeon.

Alikuwa na wana watatu. Vukan alikuwa mkubwa, Stefan wa pili, na wa mwisho alikuwa Rastko, ambaye alikwisha kukimbilia mlima Athos kule Ugiriki na kuwa mtawa kwa jina la Sava. Nemanja hakumpa kiti Vukan, alimpa Stefan. Mke wa Stefan alikuwa binti wa kaisari wa Bizanti, na jambo hilo lilikuwa na uzito. Vukan aliachiwa jimbo la Zeta, karibu na bahari, ambalo leo ni sehemu ya nchi ya Montenegro.

Baba alifariki mwaka 1199. Mwaka 1202 tu, Vukan alisaidiwa na jeshi la Hungaria akamfukuza mdogo wake. Baada ya miaka michache Stefan alirudi kitini, lakini chuki ilibaki. Ndipo Sava aliposafiri kutoka Athos, akaleta mabaki ya baba yao kuyazika katika nyumba ya watawa ya Studenica, ambayo baba mwenyewe aliijenga. Mbele ya mwili wa baba, ndugu hao wakapatana. Mwaka 1217 Stefan akawa mfalme wa kwanza wa Serbia mwenye taji, na mwaka 1219 Sava akawa askofu mkuu wa kwanza wa kanisa la Serbia.

Mambo mawili yalibaki baada ya hapo. La kwanza ni kwamba kiti hakikutoka katika nyumba ya Nemanja, lakini ndani ya nyumba hiyo hakukuwa na kanuni moja iliyoshikwa na wote: je, ni mwana wa kwanza, au yule baba anayempenda, au mwenye nguvu? La pili ni kwamba mwana wa mfalme alipewa mara kwa mara jimbo lake mwenyewe la kutawala, hasa Zeta, wakati baba yake bado anaishi.

Mtego wa «mfalme kijana»

Baada ya Stefan kufariki, wana wake watatu walikaa kitini mmoja baada ya mwingine: Radoslav, Vladislav, kisha Uroš. Wawili wa kwanza waliondolewa wakiwa hai. Uroš wa Kwanza alianza kutawala mwaka 1243, akatawala miaka zaidi ya 30.

Ili kuzuia ugomvi, Waserbia walikuwa na cheo cha «mfalme kijana». Mwana alivikwa taji mapema, ili baba akifariki pasiwe na maswali. Inaonekana ni hekima. Lakini tuangalie namna ilivyofanya kazi. Mfalme kijana alikuwa na cheo, na mara nyingi alikuwa na jimbo, askari na wakuu waliomzunguka. Wakuu hao walijua kwamba watapanda siku bwana wao atakapokaa kwenye kiti kikubwa. Kwa hiyo kila mwaka ambao mzee aliendelea kuishi ulikuwa hasara kwao. Walianza kumnong'oneza kijana: «Unangoja nini?»

Dragutin, mwana wa Uroš, alikuwa mfalme kijana, na mke wake alikuwa binti wa mfalme wa Hungaria. Alitaka sehemu ya utawala, baba akachelewa kumpa. Mwaka 1276 Dragutin alileta askari wa Hungaria, akampiga baba yake vitani karibu na Gacko. Mzee Uroš alimaliza siku zake akiwa mtawa.

Miaka sita tu baadaye, Dragutin alianguka kutoka juu ya farasi na kuvunjika mguu. Mwaka 1282, katika mkutano wa Deževa, alimwachia kiti mdogo wake Milutin, naye akabaki na majimbo ya kaskazini. Je, Milutin alipewa kiti kabisa, ama alipewa akitunze mpaka mwana wa Dragutin, jina lake Vladislav, akirithi? Kila upande ulikuwa na jibu lake. Kwa sababu ya jibu hilo, ndugu hao wawili walipigana kwa miaka mingi, mpaka karibu mwaka 1312. Mapatano yasiyoeleweka kwa wote yaliahirisha vita tu.

Kitambaa machoni

Milutin alikuwa na nguvu na mali, na alijenga makanisa mengi. Lakini nyumbani mwake hali ilikuwa ileile. Mwana wake Stefan alikuwa anatawala Zeta. Mwaka 1314 Stefan aliasi, akashindwa. Baba aliamuru apofushwe macho, kisha akampeleka Konstantinopoli pamoja na watoto wake. Katika desturi ya wakati ule, mtu kipofu hakuweza kuwa mfalme. Kupofushwa kulikuwa njia ya kumwondoa mtu kwenye urithi bila kumwua.

Baada ya miaka kadhaa Stefan aliruhusiwa kurudi nyumbani, akiwa amefunga kitambaa machoni. Milutin alifariki tarehe 29 Oktoba 1321. Watu watatu walitaka kiti: Stefan, ndugu yake Konstantin, na Vladislav mwana wa Dragutin. Ndipo Stefan aliondoa kitambaa na kuwaambia watu kwamba Mungu amemrudishia macho. Wengi waliona ni muujiza. Wanahistoria wengi wanafikiri kwamba waliotumwa kumpofusha hawakuimaliza kazi ile. Tarehe 6 Januari 1322 alivikwa taji. Konstantin aliuawa vitani, na Vladislav alishindwa.

Tuone kilichofanyika siku hiyohiyo ya taji. Stefan, ambaye aliumizwa na mpango wa kumpa mwana jimbo na cheo mapema, alimvika mwana wake Dušan taji la mfalme kijana. Na Dušan akatawala Zeta.

Mwaka 1330 baba na mwana walisimama pamoja, wakawashinda Wabulgaria huko Velbužd. Mwaka uliofuata waligeukiana. Wakuu wa Zeta walimsukuma Dušan, na mwezi wa Agosti 1331 alimkamata baba yake. Tarehe 8 Septemba Dušan akavikwa taji, na aliyemvika alikuwa askofu mkuu Danilo. Baba alifungwa katika ngome ya Zvečan, akafariki huko tarehe 11 Novemba. Habari nyingi za zamani zinasema alinyongwa.

Stefan alikuwa ameanza kujenga kanisa kubwa mahali panapoitwa Dečani. Dušan, aliyemwondoa baba yake, ndiye aliyeendeleza ujenzi mpaka ukakamilika, na baba akazikwa humo. Kanisa hilo linasimama mpaka leo, na kwa sababu yake historia inamwita mfalme huyo Stefan wa Dečani. Waserbia wanamheshimu kama mtakatifu. Tunajiuliza: ingekuwaje kama heshima hiyo angeipata kwa mwana wake akiwa hai?

Milki kubwa, mrithi mdogo

Dušan alikuwa mtawala mkubwa kuliko wote waliomtangulia. Alichukua Makedonia, Albania na sehemu kubwa ya Ugiriki. Siku ya Pasaka, tarehe 16 Aprili 1346, mjini Skopje, alivikwa taji la kaisari. Kwa kuwa kaisari alipaswa kutawazwa na patriarka, kwanza askofu mkuu wa Serbia alipandishwa kuwa patriarka. Patriarka wa Konstantinopoli hakukubali, na baadaye alitangaza laana juu ya kanisa la Serbia. Kwa namna hiyo tamaa ya taji iliwatenga Wakristo wa imani moja kwa karibu miaka 25.

Siku ileile Dušan alimvika mwana wake Uroš taji la mfalme. Mtoto alikuwa na umri wa miaka kama kumi. Mara hii mrithi alikuwa mmoja, wazi, na mwana wa pekee. Lakini Dušan alifariki ghafula mwezi wa Desemba 1355, na Uroš alikuwa kijana wa miaka kama 19 mbele ya wakuu waliozoea kumwogopa baba yake tu. Mwaka 1356 baba yake mdogo, Simeon, alijitangaza kuwa kaisari. Hakufaulu kuchukua Serbia, lakini alijitenga na sehemu ya Ugiriki. Wakuu wengine walitawala kila mmoja eneo lake kana kwamba kaisari hayuko. Mwaka 1365 mmoja wao, Vukašin, akawa mfalme pembeni ya Uroš.

Wakati huo jeshi la Waturuki Waosmani lilikuwa limevuka kuingia Ulaya. Vukašin na ndugu yake Uglješa walikwenda kulizuia. Tarehe 26 Septemba 1371, karibu na mto Marica, waliuawa wote wawili. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo Uroš akafariki bila mtoto. Nyumba ya Nemanja, iliyoshika kiti kwa miaka 200, ilikwisha.

Mama aliyeshika kiti na kukiachia

Nani sasa? Marko, mwana wa Vukašin, alijiita mfalme, lakini alikuwa chini ya Waosmani. Tvrtko wa Bosnia, ambaye bibi yake alikuwa binti wa Dragutin, alivikwa taji mwaka 1377 na kujiita mfalme wa Waserbia na Bosnia. Lakini aliyekusanya nguvu katika Serbia yenyewe ni Lazar Hrebeljanović. Yeye hakuchukua cheo cha mfalme. Mke wake, Milica, alihesabiwa kuwa wa ukoo wa Nemanja kupitia Vukan, yule mwana mkubwa aliyeachwa. Lazar aliwaoza binti zake kwa wakuu wa jirani ili kuunganisha nguvu. Pia alisaidia kupatanisha kanisa la Serbia na Konstantinopoli mwaka 1375.

Tarehe 15 Juni 1389, katika uwanda wa Kosovo, Lazar alipigana na sultani Murad. Wote wawili walikufa siku hiyo. Waserbia walikuwa wamepoteza askari wengi, na mwana wa Lazar, Stefan Lazarević, alikuwa bado kijana mdogo.

Milica alichukua utawala. Alilazimika kukubali kuwa chini ya sultani mpya, Bayezid, na binti yake Olivera akapelekwa kuwa mke wa sultani huyo. Hatuwezi kusimulia hayo bila kusikia maumivu ya mama. Mwaka 1393 mwana alipofikia umri, Milica alimkabidhi kiti, naye akawa mtawa. Katika historia hii yote, hakuna wengi walioshika mamlaka kwa ajili ya mtu mwingine, kisha wakaiachia kwa wakati.

Mapatano ya mwaka 1426

Stefan Lazarević alipokea kutoka Konstantinopoli cheo cha despoti, yaani cheo kilicho chini ya kaisari, mwaka 1402. Mwaka huohuo aligombana na mpwa wake Đurađ Branković, mwana wa dada yake Mara, na majeshi yao yakapigana. Milica, ingawa alikuwa mtawa, alifanya kazi ya kuwapatanisha watu wa nyumba yake mpaka alipofariki mwaka 1405. Kisha Vuk, ndugu wa Stefan, alidai sehemu yake ya nchi, akaleta askari wa Waosmani, na Stefan akalazimika kumwachia upande wa kusini. Vuk aliuawa mwaka 1410 katika vita vya wana wa Bayezid, ambao wao pia walikuwa wanagombania kiti cha baba yao.

Stefan hakuwa na mtoto, na kulingana na yote tuliyoona, kila mtu angengoja vita. Lakini alifanya mambo matatu. Kwanza alipatana na Đurađ, mpwa aliyekuwa adui yake, karibu mwaka 1412, miaka mingi kabla ya kumtaja kuwa mrithi. Pili, mwaka 1426 aliwaita wakuu wa nchi na viongozi wa kanisa katika mkutano, akamweka Đurađ mbele yao, nao wakakubali kumfuata. Tatu, alikwenda kwa jirani mwenye nguvu, mfalme Sigismund wa Hungaria, akapata kibali chake kwa mapatano. Mapatano hayo yalikuwa na gharama: baada ya Stefan kufariki, mji wa Belgrade ungerudi kwa Hungaria. Gharama hiyo ilisemwa wazi kabla.

Stefan alifariki tarehe 19 Julai 1427, na Đurađ akachukua kiti. Hungaria ilidai Belgrade, na Waosmani walishambulia mipaka, lakini nyumba haikupigana yenyewe kwa yenyewe. Đurađ alijenga mji mkuu mpya, Smederevo, kando ya mto Danube, akatawala karibu miaka 30.

Nyumba iliyogawanyika

Mwisho ulikuja kwa huzuni. Mwaka 1441 sultani Murad wa Pili aliamuru wana wawili wakubwa wa Đurađ, Grgur na Stefan, wapofushwe, ingawa dada yao Mara alikuwa mke wa sultani. Alibaki mwana mdogo, Lazar, mwenye macho. Đurađ alipofariki mwezi wa Desemba 1456, Lazar alirithi. Mama yake, Irina, alifariki mwezi wa Mei 1457, na mara moja Mara na Grgur walikimbilia kwa Waosmani. Lazar naye alifariki mwezi wa Januari 1458 bila mwana.

Wakati huo Konstantinopoli ilikuwa imekwisha kuanguka, na hatari ilikuwa mlangoni. Lakini ndani ya Smederevo wakuu waligawanyika, wengine wakitaka Hungaria, wengine Waosmani. Mjane Helena na Stefan kipofu walishika utawala pamoja na mkuu Mihailo Anđelović, ambaye ndugu yake alikuwa waziri mkuu wa sultani. Mihailo alikamatwa. Kisha binti wa Lazar aliozwa kwa Stefan Tomašević, mwana wa mfalme wa Bosnia, ili huyo atawale, na Stefan kipofu akaondolewa. Bwana harusi alitawala miezi mitatu hivi. Tarehe 20 Juni 1459 Smederevo ilifungua milango kwa sultani Mehmed wa Pili.

Tunachobeba

Hatusemi kwamba ugomvi wa nyumbani peke yake uliimaliza Serbia. Waosmani walikuwa na nguvu kubwa, na falme zilizowazunguka Waserbia zilianguka pia. Lakini kila mara mlango ulifunguliwa na mtu wa ndani. Vukan aliita Hungaria, Dragutin aliita Hungaria, Vuk aliita Waosmani. Aliyeachwa bila kusikilizwa hutafuta nguvu nje.

Msomaji wa Biblia atakumbuka Absalomu na Adonia. Nyumba ya Daudi pia haikupita katika jambo hili bila machozi.

Kwa hiyo, tunapofikiri juu ya viti vyetu, vikubwa au vidogo, tusiishie kuuliza: «Je, mrithi ametajwa?» Tuulize pia kama wale ambao hawakuchaguliwa wamesikilizwa na kupewa mahali pao. Tuulize kama maneno ya mapatano yameeleweka kwa namna moja na pande zote, tofauti na yale ya Deževa. Na tuulize kama mzee aliyeko ataweza kukabidhi akiwa bado na nguvu ya kupatanisha.

Tukumbuke pia kazi ya kanisa katika habari hii. Lilivika taji wengi, hata yule aliyemfunga baba yake. Lakini kazi ambayo Waserbia wanaisimulia kwa furaha mpaka leo si ya siku ya taji. Ni ile ya Sava, aliyesafiri na jeneza la baba yake kwenda kuwakutanisha ndugu wawili waliochukiana.